Kabla ya masika: mwongozo kamili wa kuandaa mtaro, paa, karo na nyumba Dar es Salaam

Kila mwaka ni yale yale. Machi inaingia, mvua kubwa ya kwanza inapiga usiku, na kukicha watu wa Tandale, Vingunguti, Mbagala na Tegeta wanakomba maji sebuleni kwa ndoo. Kinachouma ni kwamba wengi wao mtaro walisafisha. Jasho lilitoka, na maji yakaingia vilevile.

Makosa yanayojirudia ni matatu. Mtu anasafisha kipande kilicho mbele ya geti lake tu. Anaanza juu kwenda chini. Na tope analolitoa analirundika ukingoni, halafu mvua ya kwanza inalirudisha lote mtaroni. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa ili kuyaepuka makosa hayo, kwa hiyo zifuate kwa mpangilio wake. Ukiruka ya kwanza, ya tatu haitakusaidia.

Masika ya Dar es Salaam ni Machi hadi Mei, na Aprili ndiyo kilele. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu kabla haujaanza, ila usiusubiri ndipo ushike chepe. Hata utabiri ukisema mvua zitakuwa chini ya wastani, mvua moja ya saa mbili inatosha kujaza nyumba. Lenga kumaliza kazi zote wiki ya kwanza ya Machi.

Hesabu moja uwe nayo kichwani. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Ikinyesha milimita 50, paa hilo peke yake linamwaga lita 4,000, yaani ndoo 200 za lita 20. Maji ya uwanja hayamo humo, wala ya jirani wa juu yako.

Vitu vya kuwa navyo

Kwa mtaro:
- Machepe mawili au zaidi, jembe, sululu na reki
- Gambuti na glovu nzito za mpira kwa kila anayeingia mtaroni
- Viroba au salfeti 30 hadi 50, na toroli
- Kamba ya manila mita 20, na mti mrefu au bomba la chuma lenye urefu wa mita 4
- Usafiri wa tope uliolipiwa mapema: guta au kirikuu

Kwa nyumba:
- Ngazi imara, ndoo na brashi ngumu
- Silikoni ya nje, misumari ya bati yenye mpira chini ya kofia, na wavu wa kuzuia majani
- Mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani, kama ule mafundi wanaopimia levo, mita 10
- Mfuko mmoja wa saruji, mchanga na tofali chache
- Nailoni nene na mchanga wa kujaza viroba
- Jiki isiyo na manukato, na vidonge vya kutibu maji

Ukipungukiwa na pesa, anza na gambuti na usafiri wa tope. Hivyo viwili ndivyo watu huviacha, na ndivyo vinavyoharibu kazi.

Hatua ya 1: Yafuate maji mpaka yanakoishia

Tenga asubuhi moja. Toka getini, fuata mtaro unakoteremka, usisimame mpaka ufike kwenye mtaro mkubwa, mto au bonde. Kama unakaa Sinza au Mwananyamala, huenda ukatokea Mto Kijitonyama au Mto Ng'ombe. Buguruni na Vingunguti utatokea Msimbazi. Mbagala utatokea Kizinga au Mzinga.

Njiani, andika au piga picha mambo manne: makalavati yaliyoziba, sehemu ambazo mtaro unakuwa mwembamba ghafla, mabomba ya maji yanayokatiza ndani ya mtaro, na mahali mtu alipojenga ukuta au kibanda juu ya mtaro.

Kwa nini ujichoshe hivyo? Maji hayajazi nyumba kwa sababu mtaro wako ni mchafu. Yanajaza kwa sababu mbele yake yamekosa pa kwenda, yanasimama, halafu yanarudi nyuma. Kalavati moja lililoziba mita 150 chini yako lina nguvu kuliko usafi wote wa getini kwako.

Anayekaa karibu na pwani au mdomo wa mto aangalie na bahari. Siku za bamvu, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya kujaa hupanda kuliko siku nyingine na huzuia mto usitoke. Mvua kubwa ikikutana na maji ya kujaa ya bamvu, bonde la Msimbazi kuanzia Daraja la Salenda kurudi Jangwani hufurika hata kama mitaro ya juu ni safi. Uliza wavuvi au tazama ratiba ya maji, kisha ziwekee alama siku hizo kwenye kalenda. Usiku wa siku hizo usiache kitu sakafuni.

Umefaulu hatua hii pale unapoweza kuchora kwa kalamu, bila kurudi kutazama, njia nzima ya maji kutoka kwako hadi mtoni, na kuonyesha sehemu tatu mbaya kuliko zote.

Hatua ya 2: Peleka taarifa mahali panapohusika

Mlango wa kwanza ni mjumbe wako, kisha ofisi ya serikali ya mtaa. Mwenyekiti na afisa mtendaji wa mtaa ndio wenye uwezo wa kuita watu, kupeleka suala kata, na kumwandikia aliyejenga juu ya mtaro.

Jua pia kazi ni ya nani. Barabara kuu na za mkoa, pamoja na mitaro na makalavati yake, ziko chini ya TANROADS. Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA. Bomba la majisafi linalovuja na chemba ya majitaka inayofurika ni za DAWASA. Ukipeleka malalamiko ya kalavati DAWASA umepoteza wiki, na Februari haina wiki za kupoteza.

Barua iwe ya ukurasa mmoja: mahali kamili, tatizo, picha mbili, nyumba ngapi zinaathirika, majina na sahihi za wakazi. Peleka nakala mbili, na moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Taarifa ya mdomo husahaulika. Yenye muhuri unaweza kuifuatilia.

Kuhusu ukingo wa mto, usimruhusu dalali akudanganye. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka kwenye mto. Kiwanja cha bei nafuu kilicho mita 20 kutoka Msimbazi hakiokolewi na mwongozo wowote, huu ukiwemo.

Hatua ya 3: Safisha mtaro kutoka chini kwenda juu

Kazi hii si ya mtu mmoja. Tumia Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa Februari, siku ambayo tayari ni ya usafi nchi nzima, ili usimwombe mtu siku nyingine. Mwambie mjumbe apange nyumba kwa nyumba, kuanzia iliyo karibu na kalavati la chini kabisa.

Anzia chini. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu kila mtu anataka kuona getini kwake pasafi kwanza. Ukianza juu, taka ulizolegeza zinateremka na kuziba kalavati ambalo bado halijasafishwa. Ukianza chini, kila kipande unachofungua kinapata pa kumwaga maji, na tope la juu linakauka huku mnafanya kazi, hivyo linakuwa jepesi kubeba.

Fanya hivi:

1. Ondoa taka za juu kwanza kwa reki: chupa, mifuko, matambara, vifuu vya nazi. Zitie kwenye viroba vyake. Usizichanganye na tope, kwa sababu taka huchukuliwa na gari la taka, ila tope halichukuliwi.

2. Chimba hadi ufikie sakafu ya mtaro. Kwenye mtaro wa zege, chepe likikwaruza utasikia mlio wa jiwe. Kwenye mtaro wa udongo, simama pale rangi inapobadilika kutoka tope jeusi kuwa udongo mgumu. Usichimbe zaidi ya hapo, utatengeneza shimo la kutuamisha maji na kuzalisha mbu.

3. Usikate kingo za mtaro wa udongo zikawa wima. Ziache zimelala kidogo. Ukingo wima huanguka kwa mvua ya pili.

4. Kagua mteremko. Kwa kila mita 10 sakafu ya mtaro inatakiwa kushuka angalau sentimita 5, na sentimita 10 ni bora. Pima kwa mpira wa maji: mmoja ashike ncha moja, mwingine ncha nyingine, maji yatulie, mlinganishe.

Kalavati

Usiingie ndani ya kalavati, wala usimtume kijana mwembamba aingie. Linaweza kuwa na hewa mbaya, nyoka, vioo na sindano, na likibomoka hakuna wa kumtoa.

Tumia kamba. Pitisha ule mti mrefu ukiwa na kamba ya manila nchani mpaka utokee upande wa pili. Funga katikati ya kamba kiroba kilichojazwa mchanga nusu, au tairi dogo la pikipiki. Watu wawili wawe upande huu, wawili upande ule, mvute kwa zamu kwenda na kurudi. Mwanzoni kiroba kitasogea kiasi cha shubiri tu na kukwama. Msikivute kwa pupa, mwageni ndoo mbili za maji kwa juu, vuteni tena. Kikianza kupita bila kukwama, ongezeni mchanga kiwe kinene. Mtasikia harufu kali ikitoka mara moja, na maji meusi yataanza kuchirizika upande wa chini. Hiyo ni dalili kwamba limeanza kufunguka.

Bomba la majisafi likipita ndani ya mtaro, chimba kwa mkono pembeni yake, sululu usiisogeze. Bomba la plastiki hupasuka kwa pigo moja. Na hata lisipopasuka, kama lina kiungo kilicholegea ni hatari: maji yakikatika, bomba linakosa msukumo na linafyonza maji ya mtaroni, na yakirudi, mtaro mzima unakuja kwenye kikombe chako. Ukiona kiungo kinachovuja, toa taarifa siku hiyo hiyo.

Mwisho wa kazi mwaga ndoo 10 za lita 20 sehemu ya juu kabisa, mfululizo. Mtu asimame chini. Maji yakimfikia na kupita, na dakika 15 baadaye hakuna mahali yaliposimama kuzidi unene wa kidole, mtaro uko tayari. Yakisimama mahali, rudini hapo hapo na mpira wa levo.

Hatua ya 4: Tope liondoke siku hiyo hiyo

Fanya hesabu kabla ya kuanza, si baada. Mtaro wenye upana wa nusu mita, ukiwa na tope la kina cha robo mita, hutoa mita moja ya ujazo kwa kila mita 8 za urefu. Tope bichi la ujazo huo lina uzito wa zaidi ya tani moja na nusu. Mita 40 za mtaro ni karibu tani 8. Guta moja halitoshi, na kukodi moja tu "tuone itakavyokuwa" ndiko kunakoacha marundo ukingoni.

Mchangishane kabla. Nyumba 20 zikichanga kidogo kidogo, kirikuu inapiga safari kadhaa na kazi inaisha. Elewaneni na dereva bei kwa safari, na mjue anamwaga wapi. Akikuambia "kuna bonde hapo chini", mkatae, kwa sababu atakuwa anahamishia mafuriko kwa wengine, na mara nyingi ni kwenye mtaro ule ule mliousafisha. Mwulizeni afisa mtendaji mahali palipoidhinishwa.

Ikibidi tope lilale usiku mmoja, liwe ndani ya viroba vilivyofungwa, angalau mita moja na nusu kutoka ukingoni, upande ambao maji hayatokei. Lisitumike kujazia kibarazani watoto wanapochezea wala kwenye bustani ya mchicha, maana lina kinyesi, mafuta ya gereji na vioo.

Hatua ya 5: Paa na gata

Panda asubuhi, bati halijawaka jua. Ngazi ishikwe na mtu, na kabla ya kuisimamisha tazama juu: waya wa umeme unaoingia nyumbani mara nyingi unapita kwenye kona ile ile unayotaka kupandia.

Toa majani kwa mkono, yatie kwenye ndoo, usiyasukumie kwenye bomba la kushushia. Kisha mwaga maji upande wa mbali na utazame. Gata inatakiwa kushuka nusu sentimita hadi sentimita moja kwa kila mita kuelekea kwenye bomba. Maji yakituama katikati, kishikizo kimelegea. Kikaze au ongeza kingine. Vishikizo vikae umbali wa sentimita 60 hadi 90.

Misumari ya bati ndiyo huvujisha nyumba nyingi, si bati lenyewe. Mpira ulio chini ya kofia hukauka kwa jua na kupasuka. Ng'oa msumari uliolegea, weka mpya mnene kidogo kwenye tundu lile lile, paka silikoni juu. Usipige msumari mpya pembeni ukaacha tundu la zamani wazi.

Kosa moja kubwa sana: kuelekeza maji ya gata kwenye chemba ya choo ili "yasichafue uwanja". Lita 4,000 zikiingia karoni kwa saa moja, karo linafurika na kinyesi kinarudi kupitia choo cha ndani. Maji ya paa yaende mtaroni au kwenye tenki.

Hatua ya 6: Uwanja na kizingiti

Uwanja uteremke kutoka ukutani kwenda nje, sentimita 2 kwa kila mita, kwa mita 2 za kwanza. Mwaga ndoo ya maji karibu na ukuta: yakirudi ukutani, ongeza moramu, shindilia, pima tena.

Nyumba nyingi za zamani mjini zimekuwa chini ya barabara, kwa sababu barabara imeinuliwa mara mbili tatu na nyumba imebaki pale pale. Hapo jenga kizingiti mlangoni cha tofali na plasta, sentimita 15 hadi 20 kwenda juu. Kizingiti bila njia ya kutokea maji ni bakuli, kwa hiyo acha tundu la bomba la inchi 2 chini yake, lenye kizibo unachoweza kufungua kwa ndani maji ya nje yakipungua.

Viroba vya mchanga vijazwe nusu hadi theluthi mbili, visijae pomoni. Kiroba kilichojaa kinakuwa duara na kuacha nafasi, kilichojaa nusu kinalala na kushikana na mwenzake. Tandika nailoni kwanza, panga kama tofali, kila kiroba kifunike maungio ya vilivyo chini yake, mdomo ukunjwe kwa chini. Mlango wa kawaida unahitaji viroba 8 hadi 10 kufikia kimo cha sentimita 30.

Hatua ya 7: Karo na choo cha shimo

Karo lipimwe na kunyonywa Februari. Ikifika Aprili, barabara ya vumbi imekuwa tope, gari haliingii, na maji ya ardhini yamepanda kiasi kwamba karo lililonyonywa asubuhi linajaa tena jioni.

Pima kwa ufito mrefu kupitia mfuniko. Kama kilichomo kimebakiza chini ya sentimita 60 kufika juu, ita gari. Simama upande upepo unakotokea, usiwashe kiberiti, usiiname uso juu ya tundu. Na hakuna mtu wa kushuka ndani kwa sababu yoyote ile, iwe simu imedondoka au mfuniko umeanguka. Hewa ya karoni huua kwa pumzi chache, na anayeshuka kumwokoa wa kwanza huwa maiti ya pili.

Shimo lisilojengewa tofali usilikaushe lote. Ukuta wa mchanga ulio mtupu, huku maji ya ardhini yakisukuma kwa nje, hubomoka. Acha kama theluthi moja. Mwulize dereva anakwenda kumwaga wapi, jibu sahihi ni mabwawa ya majitaka, kama yale ya Vingunguti.

Sasa kuhusu kutapisha choo. Kila masika kuna wanaosubiri mvua ishike kasi, wanatoboa tundu chini ya choo na kuachia kinyesi mtaroni. Ni kosa kisheria, na ndiyo njia fupi kuliko zote ya kuleta kipindupindu mtaani. Kinyesi hicho kinapita mlangoni kwa mama anayekaanga vitumbua, kinaingia kwenye kisima, kinafyonzwa na lile bomba lenye kiungo kilicholegea. Ukiliona tundu hilo Februari likiwa limezibwa kwa tambara, mwone mwenye nyumba, na asiposikia mwambie afisa afya wa kata. Ugomvi wa siku mbili na jirani si kitu mbele ya mtoto anayeharisha usiku kucha.

Hatua ya 8: Maji ya kunywa na mbu

Tenki la ardhini mfuniko wake uwe juu ya uwanja kwa angalau sentimita 30, la sivyo maji ya mafuriko yanaingia moja kwa moja. Lisugue, lijaze, tia jiki: yenye nguvu ya asilimia 5, lita moja kwa kila lita 1,000 za maji, yenye asilimia 3.5, lita moja na nusu. Acha usiku mzima, mwaga yote, suuza, ndipo ujaze ya kutumia. Maji hayo yenye dawa usiyanywe.

Maji ya kunywa msimu wote chemsha mpaka yatokote vizuri, au tumia kidonge cha kutibu maji kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti, kisha subiri dakika 30. Maji yenye tope yachuje kwanza kwa kitambaa safi, maana dawa hupotelea kwenye tope.

Mbu wa dengi kwa kawaida hazai mtaroni. Anapenda maji safi yaliyotulia: ndoo, tairi, sahani ya chungu cha maua, kifuu, gata iliyotuama. Mayai yake huganda ukutani juu kidogo ya maji na hukaa makavu kwa miezi, yakisubiri mvua. Ndiyo maana kumwaga maji tu hakutoshi. Sugua ukuta wa pipa kwa brashi kila wiki, kwa sababu kutoka yai hadi mbu ni siku 7 hadi 10. Huyu huuma mchana, hasa asubuhi na alasiri, kwa hiyo chandarua cha usiku, ambacho ni lazima kwa malaria, hakimzuii.

Hatua ya 9: Umeme

Fundi umeme mwenye leseni akague waya wa ardhi na breka kuu. Friji na friza zipande juu ya tofali mbili. Ekstensheni isilale sakafuni.

Kila mtu mzima nyumbani ajue swichi kuu ilipo na aweze kuizima gizani. Maji yakikaribia soketi, zima kabla hujakanyaga maji. Kama swichi kuu yenyewe tayari imefikiwa na maji, usiiguse, toka nje na upige simu TANESCO. Waya ukidondoka barabarani kaa mbali, angalau mita 10, na uzuie watoto na bodaboda wasipite.

Hatua ya 10: Usiku wenyewe wa mvua

Vitambulisho vya NIDA, kadi za bima, vyeti na hati vitiwe kwenye mfuko wa plastiki wenye zipu, juu ya kabati. Dawa za mgonjwa wa kudumu, tochi na simu yenye chaji viwe pamoja.

Kubalianeni mapema mtakimbilia kwa nani, na mjue njia isiyovuka mtaro. Maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 15 humwangusha mtu mzima. Sentimita 30 huelesha gari dogo, 60 huchukua karibu gari lolote. Mama aliyebeba mtoto asivuke hata yale ya kifundo cha mguu kama hayaonyeshi chini, maana huenda mtaro usio na mfuniko uko pale pale. Anayetoka kazini mjini akikuta Barabara ya Morogoro imefungwa Jangwani, alale kwa ndugu. Zimamoto na Uokoaji ni 114, polisi ni 112.

Baada ya mvua kubwa ya kwanza

Pita tena njia nzima uliyoichora hatua ya 1, ndani ya saa 24, maji yakiwa bado yameacha alama. Angalia makalavati, maana mvua ya kwanza huleta taka za miezi yote ya kiangazi, na mara nyingi mtaro uliosafishwa vizuri huhitaji saa moja ya reki siku hiyo.

Kwenye ukuta wa nje, piga mstari wa penseli pale maji yalipofika juu kabisa na uandike tarehe. Fanya hivyo kila mvua kubwa. Mstari ukiwa chini ya ukingo wa juu wa kizingiti kwa zaidi ya sentimita 10, acha kama kilivyo. Ukiwa karibu zaidi ya hapo, ongeza tofali moja kabla ya Aprili. Picha ya mistari hiyo iambatanishe na ile nakala yenye muhuri, uirudishe ofisi ya mtaa.